LANGALANGA IMEBAKI JINA: TUITUNZE NJIA YA SAFARI

Wiki chache zilizopita nilimchukua mwana wa ndugu yangu, kijana wa miaka 12, nikaenda naye Mariakani kumwonyesha kilima. Kilima chenyewe si kikubwa. Ni kichuguu cha ardhi nyekundu kando ya njia ya vumbi, nyuma ya mji, chenye mikwaju miwili na vichaka vya miiba. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, lakini marehemu baba alikuwa na duka dogo Mariakani, na utoto wangu mwingi niliumaliza huko. Kwa hiyo njia nilikuwa naijua, na sikuona haja ya kumuuliza mtu.

Tulipofika nikakuta ukuta wa mawe, na lango la chuma, na bawabu kijana ameketi juu ya debe. Akasimama kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Unamtaka nani?"

"Marahaba. Simtaki mtu, mwanangu. Nataka mahali. Humo ndani nilikuwa nikikaa."

"Kumbe shamba lilikuwa lenu?"

"La. Sisi tulikuwa watazamaji."

Kijana akanitazama, kisha akatazama nyuma yake kama aliyepitwa na jambo. "Lakini humu hamna cha kutazama, mzee," akasema.

Mwana wa ndugu yangu akanivuta mkono: "Ami, sasa hayo magari yalikuwa yakipita wapi?" Nikanyanyua kidole nimwonyeshe, nikakirudisha. Njia ilikuwa imekatwa na ukuta. Upande wa pili nilikuwa sioni.

Ndugu msomaji, simlaumu mwenye ukuta. Huenda alinunua kwa haki na karatasi zake zimetimia. Wala simlaumu bawabu, maana hakuna aliyemwambia. Lakini niliporudi nyumbani usiku ule sikulala mapema. Nikajiuliza: ikiwa mimi niliyekaa pale siwezi kumwonyesha mtoto kwa kidole, basi baada yangu nani ataweza?

Waliozaliwa zamani watakuwa wamekwisha kunielewa. Nazungumza juu ya Safari. Mashindano hayo ya magari yalianza 1953, wakati wa ukoloni, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na magari yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Jina la kwanza lilikuwa la kutawazwa huko. Mwaka 1960 likawa East African Safari Rally, na 1974 likafupishwa likabaki Safari Rally. Kuanzia 1973 hata 2002 yalikuwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Yakatoka, yakakaa nje miaka mingi, na Juni 2021 yakarejea. Lakini yaliporejea yalikita Naivasha, huko Bonde la Ufa. Sisi wa Mwambao tuliyatazama katika televisheni kama watu wa Japani na Ufaransa walivyoyatazama.

Zamani haikuwa hivyo. Safari ilikuwa ikishuka Pwani. Ilikuwa ikija siku za Pasaka, mvua za masika zikianza kunyesha, na habari zake zilitangulia siku nyingi kabla ya vumbi lake. Jamaa zetu wa Malindi waliotaka kuiona walipanda basi alfajiri, wakavuka Kilifi kwa feri, wakafika kwetu jioni na vikapu vya maembe na korosho walizonunua pale kivukoni. Nyumba ilijaa. Tulilala watoto sita juu ya jamvi moja, na wala hatukulala, maana mmoja aliposema "nasikia mngurumo" wote tulitoka nje.

Hapo palikuwa na jambo la chuo. Maalim wetu alikuwa mtu mkali wa hukumu za tajwidi, na kelele hakuzipenda. Tulikwenda kwake tukitetemeka kumwomba ruhusa. Alitusikiliza, akafunga juzuu yake, kisha akatusomesha jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Alituambia kuwa Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi. Bukhari ameipokea kwa Abdullah bin Umar: wale farasi waliofanyiwa mazoezi walikimbizwa kutoka Hafyaa mpaka Thaniyatul-Wadaa, na wale ambao hawakufanyiwa mazoezi wakakimbizwa kutoka hapo Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zureiq. Na mmoja wa wapokezi akapima: ile njia ya kwanza ni maili tano au sita, na ya pili ni maili moja. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokimbia. Maalim akamaliza kwa kutuambia tuende, tusivuke njia, na adhuhuri itukute msikitini.

Udogoni nilifurahi kwa sababu ya ruhusa. Ukubwani ndipo nilipoona jambo jingine katika hadithi ile. Katika riwaya ile aliyotusomea Maalim hatukutajiwa farasi gani alitangulia. Tumetajiwa njia: ilianzia wapi, iliishia wapi, ilikuwa na urefu gani. Wanavyuoni walisafiri miezi juu ya migongo ya ngamia kuthibitisha hadithi, na pamoja na mambo mazito ya ibada wakabeba na mipaka ya uwanja wa mbio. Na Madina ukawako msikiti ulioitwa Masjid Sabaq, yaani msikiti wa mashindano, kwa ukumbusho wa mahali hapo. Basi mtu akiniambia kuwa kuhifadhi njia ya mashindano ni upuuzi usiofaa watu wazima, mimi humwambia akaulize chuoni.

Sasa nitazame neno, maana mimi ni mtu wa maneno. Ukifungua redio au ukasoma kurasa za michezo utakuta magari ya mashindano yakiitwa "magari ya langalanga". Mbio zinazokimbizwa Uingereza, Italia, Bahrein au Abu Dhabi, kwa Kiswahili ni mbio za langalanga. Neno limekwenda mbali kiasi hicho. Wangapi wanaolitumia wanajua kwamba zama za ukoloni palikuwako uwanja wa kukimbizia magari karibu na Gilgil, na jina lake ni hilo hilo, Langa Langa? Nakuru nako uko mtaa wenye jina hilo. Mbio hazikimbizwi tena uwanjani kule. Jina lilipanda likawa la dunia nzima, na mahali pakabaki chini bila ya mtu kupauliza. Hivyo ndivyo mambo yanavyokufa kwetu: hayafi kwa kelele, hufa kwa kusahauliwa anwani.

Na njia yetu ya Pwani ni rahisi zaidi kufa kuliko ule uwanja wa Gilgil, kwa sababu haikuwa uwanja. Wenzetu wa nchi nyingine hujenga duara la lami, wakaweka uzio na viti na mlango wa tikiti. Safari ya zamani ilikimbizwa juu ya barabara za watu wote, na hazikufungwa. Gari la mashindano lilikutana na basi la abiria, na mkokoteni wa maji, na mbuzi wa mtu. Kiti cha mtazamaji kilikuwa kichuguu, au tawi la mwembe, au kichwa cha ukuta wa duka. Hakuna aliyelipa. Tajiri na mchukuzi walikula vumbi moja. Ndiyo maana hakuna alama: hapakuwa na jengo lolote la kubomolewa hata watu washtuke. Inatosha mtu mmoja kujenga ukuta wake, na mwingine kupanda mahindi, na barabara mpya kupita pembeni, basi kazi imekwisha.

Tena jambo hili lina haraka. Upanuzi wa barabara kuu ya Mombasa, Mtwapa na Kilifi ulianza miaka hii ya karibuni, nasi tunaushukuru, kwani barabara ile imeua watu wetu wengi kwa wembamba wake. Lakini kila barabara kuu inapopanuliwa au kunyooshwa, kona za zamani huachwa kando kama gamba la nyoka. Kona hizo ndizo historia. Kwa mtazamo wa mwenye pesa ni ploti zilizo karibu na lami.

Nisije nikadhaniwa nazungumza juu ya Mariakani peke yake. Njia ya magari katika Pwani yetu ni msururu, na kila pingili ina habari yake. Mtwapa palikuwa na pantoni iliyovutwa kwa mnyororo, na wavutaji wake wakiimba, hata wageni walioandika safari zao walizitaja nyimbo zile kabla ya kuitaja bahari. Kilifi feri ilifanya kazi mpaka daraja lilipofunguliwa 1991. Na pale Mnarani, ngambo ya kusini, ule mteremko wa kivuko uko chini tu ya magofu ya msikiti wa kale. Juu yako mawe ya mamia ya miaka yenye bango na mlinzi, na chini ni mahali ambapo maelfu ya watu walisubiri, wakauza, wakanunua, wakaposa, wakapokea maiti zao kutoka hospitali za Mombasa. Pa juu tunapaita turathi. Pa chini tunapaita feri ya zamani, na neno "zamani" tunalitamka kama vile tunazungumza juu ya kiatu.

Najua swali litakalofuata, kwani nimekwisha kuulizwa barazani. "Wewe bwana, turathi ni Gedi. Turathi ni nguzo ya Vasco da Gama. Njia ya vumbi itakuwaje turathi?"

Jawabu langu ni hili. Gedi yenyewe haikuzaliwa turathi. Msitu ulikuwa umeyafunika majumba yake na misikiti yake. Ilitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu 1927, uchimbaji wa James Kirkman ukaanza 1948, na ni Julai 2024 tu ndipo UNESCO ilipoiingiza katika turathi za dunia. Miaka 97 imepita kati ya tangazo la kwanza na heshima ya mwisho. Lau wale wa 1927 wangalisema "haya ni mawe tu", leo pangalikuwa na mashamba. Kila turathi ilianza kwa mtu mmoja kukataa kusema "ni tu".

Kisha zitazameni Kaya za ndugu zetu Wamijikenda. Kaya si jumba. Ukiingia humo utaona miti, na nafasi iliyo wazi, na njia inayoingia kwa mlango usiokuwa na ubao. Kwa mtu asiyejua, ni msitu mtupu. Hata hivyo tangu 1992 Serikali ilianza kuzitangaza kuwa mahali pa kumbukumbu za taifa, na 2008 baadhi yake zikaingia katika turathi za dunia. Tumekwisha kukubali, basi, kuwa mahali paweza kuwa na thamani kwa sababu ya yale ambayo watu waliyafanya hapo na wanayoyakumbuka, bila ya ukuta hata mmoja. Sisemi kuwa kilima cha Mariakani ni sawa na Kaya. Nasema kipimo ni kimoja.

Wako wenye hoja ya pili, nayo ni nzito zaidi. Husema kuwa mashindano yale yalikuwa ya wazungu na matajiri, yalianzishwa kwa ajili ya malkia wao, na sisi tulipata vumbi na kuku waliogongwa. Sikatai. Mwanzo wake ulikuwa wa wakoloni. Lakini Ngome ya Yesu pia haikujengwa na babu zangu kwa ridhaa yao, na leo tunaitunza na tunaionea fahari. Kitu huwa chetu kwa namna tulivyokitumia. Safari iliyopewa jina kwa ajili ya malkia ilikuja ikashindwa na Joginder Singh wa Kenya mara tatu, 1965, 1974 na 1976, watu wakampa majina ya simba. Ikashindwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyefanya maskani Kenya, mara tano: 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 mpaka 1982. Ian Duncan naye, Mkenya, akashinda 1994. Na gari lilipokwama matopeni, aliyelisukuma alikuwa nani? Ni yule aliyekuwa kilimani. Aliweka bega lake, akarushiwa tope usoni, gari likaondoka, naye hakuandikwa popote.

Sasa niseme kosa langu, maana haifai mtu kuwanyooshea wengine kidole na mkono wake u mfukoni. Nimeandika magazetini zaidi ya miaka 25. Safari nimeiandika mara nyingi: nani alitangulia, kwa dakika ngapi, gari la kampuni gani. Sikuwahi hata siku moja kwenda kumuuliza mzee wa Mariakani, au mama aliyekuwa akiuza mahamri kivukoni Kilifi, aniambie alichokiona. Nilidhani habari ilikuwa ndani ya gari. Sasa nimerudi kuwatafuta, na kila nyumba ninayobisha naambiwa marehemu. Makanika mmoja aliyekuwa akitusimulia jinsi alivyomshikia taa fundi wa kizungu usiku kucha, nilimkuta yu hai lakini kumbukumbu zimemtoka. Alinishika mkono akaniuliza kama basi la Malindi limekwisha kuondoka.

Hoja ya tatu ni ya wanafiki na ya wakweli pamoja: kamari. Watu husema penye mbio hapakosi kamari. Hili tulitenganishe kama walivyolitenganisha wanavyuoni. Mashindano ni jambo moja na kuweka fedha za kamari ni jambo jingine, nalo ni haramu likiwa juu ya magari, au ngamia, au mpira wa miguu unaoonekana katika simu za vijana wetu. La kustaajabisha ni kuwa Katiba yetu ya 2010, katika Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, imeziweka kazi hizi za serikali za kaunti katika kapu moja: kamari, mashindano ya mbio, sinema, maktaba, makumbusho, michezo na utamaduni, na fukwe. Sisi tuiache hiyo ya kwanza kwa wenye kuitaka, lakini tushike mbili. Mbio na makumbusho, kwa mujibu wa Katiba, ni kazi ya kaunti ile ile, katika kifungu kile kile. Basi Kaunti ya Kilifi, yenye Malindi na Mariakani ndani yake, haiwezi kusema kuwa jambo hili halimo mlangoni mwake.

Sheria nyingine zipo. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema barabara na njia zilizowekwa kisheria ni ardhi ya umma, inayoshikwa kwa amana ya watu wa Kenya na kusimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Kipande cha barabara ya zamani, basi, hakigeuki kuwa mali ya jirani kwa sababu tu magari yamehamia kwingine. Na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza katika gazeti rasmi la Serikali mahali fulani kuwa pa kumbukumbu, hata kama si jengo. Kinachokosekana ni watu wa kuomba.

Tena tusidhani kuwa tutakuwa wa kwanza duniani. Malindi tunaishi na Wataliana miaka mingi, wengine wanazungumza Kiswahili na kuoa kwetu. Waulizeni juu ya Targa Florio. Mashindano hayo yalianza 1906 huko kisiwa cha Sicily, juu ya barabara za milimani zilizopita katikati ya vijiji, na watazamaji wakikaa kwenye vizingiti vya nyumba zao. Yalisimamishwa 1977 baada ya ajali iliyoua watazamaji. Wataliana hawakuifunga barabara ile, na watu wanaipita kwenda sokoni mpaka leo. Lakini yale majukwaa ya kuanzia karibu na Cerda wameyaacha yasimame, na mji wa Collesano una makumbusho yake, na magari ya kale hurudi kupita. Wametunza njia kwa kuitumia.

Na kama Italia ni mbali, twende Lamu. Kila Maulidi punda hukimbizwa pale ufuoni mbele ya mji. Hakuna uzio, hakuna jukwaa la mawe. Lakini muulize mtoto yeyote wa Lamu mbio zinapita wapi, atakuonyesha. Mahali pale pamehifadhiwa na miguu ya watu na kelele zao, mwaka hata mwaka, na hakuna mwenye kuthubutu kujenga ukuta katikati. Hilo ndilo ninalolitaka kwetu. Sihitaji kasri la kumbukumbu lenye kiyoyozi.

Tazameni pia dhuluma moja ndogo. Tangu 2003 yako mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, na mara kadhaa yameanzia au yamemalizikia Pwani. Magari ya miaka ya 1960 na 1970 huletwa kwa meli, yakasuguliwa yakang'aa, kila msumari umetunzwa. Nayafurahia. Lakini magari yale yana wenyewe waliohifadhi. Njia waliyoipita haina mwenyewe, kwa kuwa mwenyewe ni sisi sote.

Basi naomba nini? Naomba mambo matatu, na hakuna hata moja litakalopunguza dawa zahanati au maji bombani.

La kwanza, tuandike. Kabla hatujasimamisha jiwe lolote, walimu wa skuli na wa madrasa wawatume watoto kwa wazee wa Mtwapa, Mnarani, Mariakani na Malindi, kila mtoto aulize maswali matatu: ulikaa wapi, ulikuwa na nani, na pale mahali palikuwa pakiitwaje? Kalamu na daftari zinatosha. Kazi hii haingoji bajeti, lakini mauti nayo hayaingoji.

La pili, Kaunti na Makumbusho ya Taifa waketi na wenyeji, wachague vipande vichache tu. Kivuko cha Kilifi upande wa Mnarani kiwe kimoja, kwani magofu yako hapo tayari na mgeni ameshafika. Kipande cha njia ya vumbi ya Mariakani kiwe kingine, kabla ukuta haujazaa ukuta. Vipimwe, vitangazwe kuwa vya umma, na liwekwe jiwe lenye maandishi ya Kiswahili na Kigiriama na Kiduruma, lenye majina ya wavutaji pantoni na wasukumaji magari, sio ya washindi peke yao.

La tatu, vitumiwe. Vijana wetu wa bodaboda wanashindana usiku juu ya barabara kuu, na asubuhi tunakwenda kuwazika. Hawana mahali pengine. Siku moja katika mwaka, mchana, chini ya macho ya polisi na wazee, pafungwe kipande cha njia ya zamani, wapite wao, na tuktuk za Malindi zilizopambwa, na gari la kale la yeyote aliye nalo. Mwendo si lazima uwe wa kasi. Akina mama wauze mahamri, watoto wakae juu ya kichuguu. Mahali panapotumiwa hapaporwi kwa urahisi.

Pale langoni Mariakani yule bawabu alitufungulia tulipokuwa tukiondoka. "Mzee," akasema, "babu yangu naye alikuwa akisema habari za magari, nikidhani ni hadithi za uzee." Nikamuuliza babu yake alikuwa akikaa upande gani. Akafikiri, kisha akanyoosha mkono juu ya ukuta, kule kwenye mikwaju miwili. Mwana wa ndugu yangu akasimama kwa vidole vya miguu apate kuona.

Namaliza kwa ubeti mmoja, ulionijia garini tukirudi:

Njia iliyo vumbini, siyo vumbi, ni ya watu,
Waliketi kilimani, wakubwa na wana wetu,
Tuandike na jiweni, majina yasife katu,
Ua ukija njiani, hatutabaki na kitu.